Habari za Mvua kutoka Sangailu

Tangu turudi, kila anayeleta karabai yake kibandani kwangu huketi juu ya lile debe na kuniuliza yaliyotupata. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, mkono mmoja ukiwa kwenye pampu ya taa, na sasa vipande hivyo vinazunguka sokoni vikiwa vimeungwa vibaya. Wapo wanaosema tulisombwa na maji. Hatukusombwa. Wengine wamemsikiliza mwanangu Yusufu, wa miaka minne, nao wanataka kujua juu ya mtu aliyembeba mabegani. Nimeona bora niandike safari yote, hatua kwa hatua. Mambo ya vibali na mihuri nayaacha, maana kila anayeishi Garissa wakati huu wa vita anayajua kunishinda.

Tulikuwa watano. Mimi mwenyewe, mke wangu Dahabo, mzaliwa wa Sangailu, Halima, binti yetu wa miaka saba, huyo Yusufu, na Safia, aliyekuwa bado ananyonya. Mama mkwe alikuwa hajamwona Safia, na alituma ujumbe kwamba anazeeka na mtoto anakua, na kati ya hayo mawili hakuna linalongoja vita viishe.

Garissa hadi Sangailu

Tulikwenda kwa lori la unga na sukari, katika msafara uliosindikizwa na askari. Sina la kusimulia isipokuwa kosa langu. Dereva alisema angerudi kutuchukua Jumanne, inshallah. Mimi nilishika Jumanne. Dahabo na abiria wengine wote walishika inshallah, na kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyekwenda kusimama kando ya njia Jumanne hiyo, nikiwa nimevaa viatu na mizigo imefungwa, huku wachunga mbuzi wakipita na kunisalimu kwa huruma.

Sangailu

Mama mkwe hasemi nami ana kwa ana. Ndiyo heshima ya nyumba yao, nami nimeizoea. Yeye hukaa ndani ya kibanda chake cha mikeka, mimi hukaa nje kwenye kivuli chake, na maneno hupitia kwa mtoto.

“Halima,” husema, nami namsikia vizuri kabisa, “mwambie baba yako suruali hiyo itachanwa na miiba.”

“Halima, mwambie ayeyo,” hujibu mimi, kwa neno lao la bibi, “nitashona nyingine.”

“Mwambie basi anishonee na mimi mvua, kama ni fundi.”

Kila jioni, mbuzi wanaporudi, alimsimamisha Halima mlangoni na kumwambia, “Warran,” yaani toa habari. Nilidhani ni mchezo wa bibi na mjukuu. Haukuwa mchezo. Mtoto alitakiwa asimame wima na fimbo yake, aanze na amani, kisha mvua, kisha nyasi, kisha maji, kisha wanyama: wapi, upande gani, kiasi gani. Akiruka kimoja, alirudishwa mwanzo. Akisema “huko mbali,” aliulizwa mbali na nini. Siku moja alianza kueleza kwamba amemwona mke wa jirani akilia kisimani, na bibi akamkata: “Huyo ana mdomo wake. Endelea na mbuzi.” Nilikuwa nje nikinoa kisu. Nililichukua kama karipio dhidi ya umbeya, nikalisahau.

Dahabo alinieleza kwamba kwao kila mtu hulelewa hivyo. Wasafiri wawili wakikutana nyikani hawaachani kabla ya kupeana habari, kwa sababu mmoja anatoka anakokwenda mwenzake. Kumnyima mtu habari ni kama kumnyima maji, na kumpa habari ya uongo ni kama kumtilia sumu kwenye kibuyu.

Siku chache baada ya Jumanne yangu, wazee walirudi kutoka mkutano na maofisa wakiwa na amri. Watu wote wakusanyike kwenye vijiji vyenye ulinzi. Baada ya sala ya Ijumaa inayofuata, yeyote atakayeonekana akitembea nyikani kati ya hapo na Mto Tana atahesabiwa kuwa mwasi, shifta. Barabara ilikuwa imefungwa, lori halitakuja. Njia iliyobaki ilikuwa miguu: kupita nyika za Ijara hadi Masalani, tuvuke mto kwa mtumbwi, tupate gari upande wa pili.

Nyote mnamkumbuka muuza maziwa wa mtaa wetu, aliyeshikwa kwa sababu alikiri kuwa aliwapa maji watu asiowajua. Mimi nilimkumbuka kila saa. Niliwaita watu wangu, nikawapa sheria moja: tukiwa njiani hatusemi na mtu, na hatuulizi mtu.

“Baba Halima,” Dahabo akasema, “mtu anayenyamaza nyikani ndiye anayeogopwa.”

Sikumsikiliza.

Asubuhi ya kuondoka mama mkwe alituazima punda wa kumwachia binamu yake Dahabo huko Masalani. Halima alikuwa ameenda kuwaaga mbuzi, kwa hiyo hapakuwa na wa kupitishia maneno. Mama mkwe akamshika punda sikio na kusema naye. “Ewe punda, mwambie huyo fundi mvua ya mwaka huu haina adabu. Asiiamini eti kwa sababu ameisoma kitabuni.”

Kutoka Sangailu hadi nyika za Ijara

Ni kweli nimesoma. Nina kitabu cha jiografia kisicho na jalada, nilichonunua kwa muuza vyuma, na humo nimejifunza aina za mawingu. Siku ya kwanza nilikuwa nikimwonyesha Halima wingu hili na lile. Kufikia adhuhuri niliacha, kwa sababu kitabu hakikuniambia kwamba hali tatu za hewa zinaweza kukaa mahali pamoja. Mkono wetu wa kushoto jua liliwaka hadi mchanga ukatetema. Mkono wa kulia mvua ilisimama kama ukuta mweusi kutoka ardhini hadi juu, haisogei. Na sisi katikati tulikuwa kwenye vumbi na upepo mkavu uliomfanya Safia apige chafya.

Kisha ukuta ukasogea. Tuliusikia kwanza, mfano wa kundi kubwa la ng'ombe likikimbia kwenye udongo mgumu. Tuliuona ukingo wake ukija juu ya nyasi, mstari ulionyooka, huku unachemka na huku umekauka. Halima alinyoosha mkono wake mmoja, na kwa muda wa pumzi moja mkono ule ulikuwa ndani ya mvua na yeye mwenyewe yuko nje. Akageuka kunitazama kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Kisha sote tukamezwa.

Udongo wa pale ni mweusi, na ukilowa hung'ang'ania. Kila hatua ilitupa soli mpya, hadi nikawa nimerefuka kwa kiasi cha kiganja. Yusufu akalia kwamba ardhi inamla miguu. Tulimpandisha juu ya punda, tukamfunga kwa shuka pamoja na sufuria, naye alipoona yuko juu yetu sote akaanza kutoa amri.

“Baba, tembea.”

“Natembea, bwana.”

“Hutembei. Punda ndiye anatembea.”

Tulilala chini ya turubai. Tulikula nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikahifadhiwa ndani ya samli, na tende, na chai ya maziwa ya mbuzi yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Sijawahi kula vizuri kuliko hapo, na nilikuwa nimelowa hadi mfupani.

Asubuhi nilitoka nje ya turubai nikadhani tumehamishwa. Uwanda uliokuwa na rangi ya jivu ulikuwa na ukungu wa kijani, mwepesi hivi kwamba ukiutazama miguuni pako huuoni, lazima uutazame mbali. Kumbikumbi walikuwa wakipanda kutoka mashimoni kama moshi. Wadudu wadogo wekundu, laini kama mahameli, walitembea kila mahali kana kwamba wameitwa. Vyura walipiga kelele katika madimbwi ambayo jana hayakuwapo. Nilijiuliza walikaa wapi miezi yote ile, na jinsi walivyojua. Halima aliniuliza swali hilohilo, nami nikamjibu kwamba sijui.

Mbele kidogo tuliwaona swala wanaoitwa arawla na watu wa Dahabo, wale wenye alama nyeupe usoni kama waliovaa miwani. Wachungaji wa huko hawawaui. Wanasema arawla wakikaa karibu, ng'ombe wako salama. Walitutazama kwa utulivu kama makarani, tukapita.

Laga

Huko nyikani kuna laga, yaani mito ya mchanga isiyo na maji isipokuwa siku chache za mwaka. Siku ya tatu tulifika kwenye moja, pana, yenye kingo ndefu na miti yenye kivuli. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Dahabo alimlaza Safia mchangani chini ya ukingo, mahali pa baridi, nami nikaanza kuchimba kutafuta maji ya kunywa.

Mtu akatokea ukingo wa pili. Alikuwa mwembamba, makamo yangu, amejitanda shuka nzito ingawa jua lilikuwa kali. Aliteremka, akasimama hatua kadhaa kutoka kwetu, akatoa salamu. Tuliitikia. Alinitazama suruali, akanisemesha kwa Kiswahili cha sokoni.

“Wewe natoka wapi?”

“Safarini tu,” nikasema.

“Safari yote natoka mahali.”

Niliendelea kuchimba. Nilikuwa nikimwona muuza maziwa mbele yangu. Mtu yule alingoja, na niliona uso wake ukikunjamana. Akajifunga shuka vizuri, akageuka aende zake.

Hapo Halima alisimama. Alichukua fimbo ya punda, akaisimika mchangani, akaanza kwa Kisomali, kwa sauti ileile ya mlangoni kwa bibi yake. Amani. Tumetoka Sangailu, watu watano na punda mmoja. Mvua ilinyesha kutoka kichuguu kirefu hadi miti ya miiba, na baada ya hapo haikunyesha. Nyasi zimeota upande wa mawio, upande wa machweo bado. Maji yako kwenye madimbwi, yana tope, yanatosha mbuzi na hayatoshi ng'ombe. Arawla wako, na wana ndama.

Yule mtu alikuwa amechuchumaa. Kila Halima alipotua, naye aliitika taratibu, “Haa,” kama mtu anayepokea vitu mkononi kimoja kimoja. Mtoto alipomaliza, alivuta pumzi.

“Haa, binti. Sasa pokea na wewe. Amani. Usiku wa jana niliitazama radi upande wa kaskazini hadi alfajiri, mahali pamoja, haihami. Laga hii inatoka huko. Leo itashuka.” Kisha akanigeukia mimi, na Kiswahili chake. “Maji nakuja. Mtoto hapana lala hapa.”

Nilitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. Nakiri kwamba kama ningekuwa peke yangu ningeendelea kuchimba. Lakini Dahabo alikuwa ameshamwinua Safia, na hakuuliza swali lolote. Yule mtu alimfungua Yusufu kutoka kwenye punda, akamweka mabegani, akatangulia kuvuka kurudi alikotoka. Punda alikataa. Mchanga wa katikati ulikuwa laini, alizama hadi magoti, akaamua kwamba hapo ndipo mwisho wa dunia. Mimi nilivuta, Halima alisukuma. Mtu yule aliporudi kutusaidia alimwambia punda neno moja ambalo Dahabo amekataa kunitafsiria, na punda akatembea.

Tulikuwa juu ya ukingo, tukikung'uta mchanga kwenye nguo, niliposikia ngurumo. Nilidhani ni ndege ya jeshi, nikatafuta angani.

“Ni maji,” Dahabo akasema.

Yalikuja kwenye kona bila haraka niliyoitarajia. Mbele kulikuwa na povu la rangi ya chai, urefu wa goti, likisukuma matawi na majani kama mtu anayefagia uwanja. Nyuma ya povu maji yalipanda, na nyuma ya hayo mengine yakapanda juu yake. Mti mzima ulipita ukiwa umesimama. Mzinga wa nyuki ulipita ukizunguka. Ardhi ilitikisika chini ya nyayo, na juu yetu mbingu ilikuwa bado buluu, tupu, haina habari. Shimo nililochimba lilitoweka, na mahali alipokuwa amelala Safia palikuwa chini ya maji marefu kunishinda. Hata Yusufu hakutoa amri. Nimesoma juu ya mafuriko, na naweza kuwaeleza sababu zake. Lakini pale ukingoni niliona kwamba miguu yangu imerudi nyuma yenyewe.

Baadaye kidogo ndipo nilipofahamu jambo lingine. Yule mtu alikuwa akienda upande tuliotoka. Sasa mto ulikuwa umemkata njia, na alikuwa amebaki upande wetu, upande wa askari. Alikuwa ameketi ukingoni akilitazama jambo hilo hilo.

“Sasa mimi mgeni yenu,” akasema, akacheka kidogo.

Jioni tulikula pamoja. Alikula polepole, akawaachia watoto vipande vyenye samli nyingi. Wanangu walimwita abti, yaani mjomba, kwa sababu ni watu wa mama yao.

“Abti ana kitu kigumu mgongoni,” Yusufu akatangaza. “Kiliniumiza mguu.”

“Ni fimbo,” Dahabo akasema. “Kunywa chai.”

Sikumwuliza, naye hakunieleza. Mtu hutafuta ng'ombe aliyepotea, na mtu hutafuta mambo mengine. Alfajiri hakuwepo. Punda wetu alikuwa amehamishiwa kwenye nyasi nzuri zaidi.

Kizuizini

Njia yote ya siku ya mwisho sikuona nyasi wala ndege. Mbele yetu, kabla ya Masalani, kulikuwa na kizuizi cha askari, na mimi nilikuwa na mtoto aliyefundishwa kusema kila alichokiona. Tulipopumzika nilimvuta Halima karibu.

“Askari wakikuuliza, sema hatukuona mtu.”

“Usimfundishe hilo,” Dahabo akasema, kwa upole lakini bila kusogea. “Akizoea kutoa habari ya uongo, nani atamwamini akisema laga inashuka?”

“Basi tutafungwa.”

“Basi tutafungwa. Yeye hatakuwa mwongo.”

Halima alitutazama mmoja baada ya mwingine. Tuliondoka hivyohivyo, jambo likiwa halijaamuliwa.

Kizuizi kilikuwa gogo lililolazwa njiani, na magunia ya mchanga, na askari wawili. Mkubwa wao alikuwa koplo, mtu wa bara, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Mmetoka wapi na watoto katika mvua hii?”

“Sangailu, afande. Kumwona mama mkwe.”

“Mama mkwe wako anapendwa sana,” akasema. Mwenzake alicheka, yeye hakucheka. Alikagua mizigo hadi ndani ya sufuria. “Mmekutana na nani njiani?”

Nilifungua mdomo nijibu.

“Nyamaza,” akasema. “Watu wazima wote huniambia hawakuona mtu. Nitamwuliza huyu.” Akainama mbele ya Halima. “Haya, msichana. Mmeona nini huko?”

Halima alichukua fimbo ya punda, akaisimika. Nilimwona Dahabo akimkumbatia Safia kwa mikono miwili. Mtoto akaanza, sasa kwa Kiswahili, akitafuta baadhi ya maneno. Amani. Mvua, kutoka kichuguu hadi miti ya miiba. Nyasi, upande huu na upande ule. Laga imeshuka, maji yake yanaupita urefu wa baba, haivukiki. Mvua kubwa iko kaskazini, haihami.

“Kaskazini?” koplo akauliza. “Kubwa kiasi gani?”

“Radi ilikaa mahali pamoja hadi alfajiri.”

Akageuka kumtazama mwenzake, na mwenzake akautazama mto, uliokuwa ukionekana kati ya miti, na hema lao lililokuwa chini karibu na maji. Kwa mara ya kwanza koplo alichuchumaa. Alimwacha amalize madimbwi, na mbuzi, na arawla na ndama wao.

“Vizuri,” akasema. “Na watu?”

“Watu wana midomo yao.”

“Umesema nini?”

“Ayeyo amenifundisha. Mvua haina mdomo, ndiyo tunaisemea. Nyasi nazo, na wanyama. Watu wana midomo yao.”

Yule askari wa pili akacheka. “Koplo, umekwama.”

Koplo hakucheka bado. Mimi nilitazama mkono wake uliokuwa juu ya goti.

“Na ukivuka huko,” akasema taratibu, “mtu akikuuliza kama umeniona mimi, mahali nilipo, na bunduki ngapi?”

Halima aliitazama bunduki, akalitazama hema, akamtazama yeye.

“Una mdomo wako,” akasema.

Koplo alisimama. Alijipangusa magoti, akamwambia mwenzake aanze kuhamisha hema kulipeleka juu, kisha akaliinua gogo mwenyewe.

“Pitisheni punda kwanza,” akasema.

Mtoni

Ilikuwa Alhamisi, kesho yake ndiyo ile Ijumaa ya amri. Binamu yake Dahabo alimpokea punda, nasi tukateremka hadi mahali pa mitumbwi. Tana ilikuwa pana, rangi ya matofali, na ilisikika ikifanya kazi chini chini, kama mtu anayesukuma kabati katika chumba cha pili. Maji tuliyoyaona kwenye laga yalikuwa madogo mbele yake, nayo yenyewe, nikawaza, ilikuwa bado inangoja yale ya kaskazini.

Mwenye mtumbwi alikuwa mzee wa Kipokomo. Aliwapanga watoto katikati, akatusukuma, na tulipokuwa mbali na ukingo aliuliza kama kila mwenye mtumbwi anavyouliza, “Habari za huko mtokako?”

Halima alikuwa amelala juu ya mizigo. Dahabo alinitazama. Mtumbwini mtu hawezi kusimama, kwa hiyo niliketi wima kadiri nilivyoweza, nikaiweka mikono yangu magotini.

“Amani,” nikaanza. “Mvua imenyesha kutoka kichuguu kirefu hadi miti ya miiba.”

“Haa,” akasema mwenye mtumbwi, akiendelea kupiga kafi.

Nilimpa zote, hadi za kaskazini, na tulipofika ng'ambo aliuvuta mtumbwi wake mbali zaidi kuliko alivyozoea na kuufunga kwenye mti wa juu. Usiku ule mto ulipanda, lakini mtumbwi, nimesikia, ulikuwa salama.

Hizo ndizo habari za safari yetu. Kama mnataka za yule aliyembeba Yusufu, ana mdomo wake.